R ya Kooni

Mjukuu wangu ana jina langu. Kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa nyanya yake wa upande wa baba, na wa pili ndiye anayepewa jina la nyanya wa upande wa mama. Lakini baba wa huyu ni Mnorwe, na mama yake huyo Mnorwe, alipoelezwa habari za zamu, alisema kwa upole kwamba hana haja ya jina lake kurudiwa. Basi zamu ikanifikia mimi kabla ya wakati wake. Nilipopigiwa simu kwamba mtoto amezaliwa na ameitwa mimi, nilifunga duka asubuhi hiyo hiyo, nikaenda nyumbani nikalia kwa raha zangu.

Binti yangu humwita mtoto wake "mami". Ndivyo tunavyofanya, kwa sababu mtoto aliyebeba jina la mama yako huwezi kumfokea ovyo. Kwa hiyo huko Norwe, katika mji ulio magharibi ambako nasikia mvua hainyeshi tu bali inaishi, kulikuwa na mimi mdogo mwenye nywele za rangi ya asali.

Shida ni kwamba huyo mimi mdogo hakutaka kuongea na mimi mkubwa. Kila Jumapili baada ya kanisa binti yangu angenipigia simu ya video. Mtoto anaona uso wangu, namwambia, "Habari yako, mami?" naye mbio, anajificha nyuma ya kiti. Kiswahili hakujua, Kikuyu hakujua, Kiingereza ni kidogo cha katuni.

"Anasema unaongea kama mtu amekasirika," binti yangu akaniambia siku moja, akicheka.

Nikakasirika kweli. Sauti yangu ni sauti ya kuuza dawa za kupe. Niko na duka la dawa za mifugo hapa Noonkopir, na wateja wangu wengine husimama barabarani na mbuzi wao waniulize bei kutoka huko. Sauti kama hiyo haijui kunong'ona. Lakini usiku, nilipolala, neno hilo liliniuma. Tangu mzee wangu aende, hakuna mtu anayeniita jina langu. Sokoni mimi ni Mama Dawa, kanisani ni mama wa fulani. Mtu mmoja tu duniani ndiye anayeitwa jina hilo kila siku, na huyo ananikimbia. Nikasema, haya, penye nia pana njia. Nitajifunza Kinorwe.

Nilijifunzia dukani, kwa simu, kati ya mteja mmoja na mwingine. Mwalimu wangu alikuwa sauti ya mwanamke kutoka mji wao mkuu, sauti safi ya mtu aliyekunywa maji moto. Nitakuambia lugha hiyo ilivyo, kwa maana watu hudhani ni miluzi mitupu. Wanaimba wakiongea, neno linapanda na kushuka, na mimi ambaye lugha ya mama yangu nayo hupanda na kushuka sikuona ajabu. Wana u moja ambayo unakunja midomo kama unapuliza jiko. Lakini kazi kubwa iko nyuma ya mdomo. K yao hutoka na pumzi. Weka kiganja mbele ya midomo utahisi upepo. Ng yao ni ile ile ya ng'ombe, hiyo nilipewa bure. Kuna nyingine wanayoiandika kwa k na j, ambapo ulimi unapanda karibu na paa la mdomo na hewa inachujika kama ya paka anayekutisha. Hiyo ilinitoa jasho.

R haikunipa shida. Mwalimu wangu wa simu aliigonga kwa ncha ya ulimi, tap, kama sisi. Na Mkikuyu umwambie nini kuhusu r? Nimechekwa maisha yangu yote kwa kusema "mchere" na "karamu ya kuandikia", kwa hiyo r niko nayo ya kutosha, hata ya kugawia majirani.

Siku moja akaingia mama wa Kimaasai, mteja wangu wa siku nyingi. "Takwenya," nikamsalimu. "Iko," akaitikia, akasimama kusikiliza nikimjibu mwalimu wangu.

"Mama Dawa," akasema polepole, "umehamia kanisa gani hii?"

Jirani yangu wa duka la pili, mama wa Kisomali anayeuza maziwa ya ngamia, alicheka mpaka akashika mlango. Huyo ni rafiki yangu. Huniita "abaayo", yaani dada, na tumegombana juu ya mtaro wa maji machafu mara nyingi kuliko ndugu wa tumbo moja.

Mwezi wa saba wakaja. Mkwe wangu hakuja. Yeye hufanya kazi kwenye meli, wiki kadhaa baharini, wiki kadhaa nyumbani. Alikuja binti yangu na mtoto, naye alikuwa ametimiza miaka mitano. Akashuka kwenye gari akishikilia sketi ya mama yake, uso umefichwa. Nikainama, magoti yakalia, nikatoa sentensi yangu niliyoipiga pasi muda wote huo: mimi ni mormor wako. Mormor ni mama ya mama. Ndivyo wanavyomwita nyanya wa upande huo.

Mtoto akainua kichwa. Macho yakafunguka, halafu uso wote ukacheka. Akanijibu kwa maneno mengi ya haraka, nikashika nusu, akanichukua mkono akanivuta ndani ya nyumba kama yeye ndiye mwenyeji. Ngai, furaha niliyokuwa nayo! Binti yangu alibaki mlangoni na mizigo.

Tangu hapo hatukuachana. Mimi nilikuwa malkia, yeye daktari. Jogoo wangu alikuwa polisi, na alifanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi. Nilikuwa nikisema sentensi yangu moja, yeye ananirudishia kumi, na niliposhindwa nilitikisa kichwa kama mtu mwenye cheo. Majirani walikuja kunisikiliza. Nilijivuna, kwa nini niseme uongo.

Ndipo tamaa ikaingia. Nikamwambia binti yangu, "Niachie huyu mtoto mwaka mmoja. Aanze shule hapa, ajue kwao, ajue lugha. Wewe na zamu zako za kulea wazee wa watu, na bwanako baharini, utapumua."

Nilitegemea akatae. Badala yake akasema kwamba yeye na mumewe walikuwa wameshalifikiria. "Lakini sitamlazimisha, Mama. Lazima akubali mwenyewe. Na umuulize wewe. Mimi nikimuuliza ataangalia uso wangu, anijibu vile anaona nataka."

Nikamuuliza kesho yake, uani, binti yangu akiwa ameenda madukani. Mtoto alikuwa amenifunga kamba shingoni na anasikiliza moyo wangu kwa kifuniko cha chupa. Nikamwambia kwa Kinorwe changu safi: unataka kukaa hapa na mimi, mama akirudi Norwe? Hata hakufikiri. "Ja!" akasema, yaani ndiyo, akaniandikia dawa.

Binti yangu aliporudi nikampa jibu. Alilia kidogo, akanikumbatia, akampigia mumewe. Tukaenda kuona shule ya chekechea karibu na kwangu, fundi akamvisha sweta ya mfano ya shule ili ampime, naye akageuka geuka mbele ya kioo cha fundi kwa madaha. Nilinunua kitanda. Nilikuwa nikiamka nikikitazama.

Halafu mwiba ukamchoma. Ni mwiba tu wa mti wa uani, wa kawaida, lakini uliingia kisigino. Mtoto akapiga yowe, nikakimbia, akanipita, akaenda kwa mama yake jikoni, akaanza kusema akilia. Nikasimama pale mlangoni nikishangaa. Sauti ile sikuijua. Maneno yalikuwa mazito, yanatokea chini, na kila palipokuwa na r hakukuwa na ncha ya ulimi. Kulikuwa na mkwaruzo wa kooni, kama mtu anayesukutua maji kidogo tu. Siku zote hizo hakuwahi kunisemesha hivyo.

Mwiba ulipotoka na mtoto akaenda kumtafuta polisi wake, tuliketi kumenya viazi. Nikamuuliza binti yangu ile r ni ya wapi.

"Ndiyo ya mji wetu," akasema. "Kule magharibi r inatoka kooni, karibu na kimeo. Ile yako ya ulimi ni ya mji mkuu."

"Mbona akiwa na mimi anaongea kama mimi?"

Akaanza kucheka. "Mama, watoto wa kule wako na mambo! Wakicheza mchezo wa kuigiza, mimi ni mama, wewe ni mtoto, wanaacha lahaja ya kwao na kuongea ile ya mji mkuu. Hakuna mtu amewafundisha. Hata wanasesere wao wanaongea hivyo. Mchezo ukiisha wanarudia yao. Sasa wewe ulimshukia na ile ya mchezo kutoka siku ya kwanza. Si anaona mnacheza tu, asubuhi mpaka jioni!"

Aliona ni kichekesho kikubwa, akaendelea kumenya. Yeye hakuwepo uani siku ile ya kifuniko cha chupa. Hakusikia ile "Ja" ilitolewa kwa sauti gani. Mimi niliisikia, nilikuwa nayo sikioni bado, nyepesi, ya mji mkuu, ya daktari anayemjibu malkia. Kisu kilinisimama mkononi.

Ningeweza kunyamaza, na nilitaka kunyamaza. Kitanda kilikuwa kimenunuliwa, sweta inashonwa, na mtoto alikuwa amesema ndiyo kwa mdomo wake, nani angeniuliza zaidi? Lakini nilijua vile ningekuwa siku ambayo mama yake angepanda ndege na mchezo ukakataa kuisha. Mtoto angesubiri tumalize, na mimi ningekuwa malkia mpaka lini? Woi, hapana. Ilibidi nimuulize tena, na nimuulize kwa sauti ambayo kwake ni ya kweli.

Sasa hiyo sauti naitoa wapi? Mimi, kama watoto wengi wa siku zangu, nilikatwa kimeo nikiwa mdogo, kwa ajili ya kikohozi. Hicho kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, mimi sina. Nilijua basi, Mungu ananikomesha: sauti ya mjukuu wangu inakaa kwenye kiungo nilichonyang'anywa kwa wembe.

Nikampelekea jirani yangu wa maziwa malalamiko hayo. Akaninunia.

"Abaayo, acha kelele. Mamangu pia alikatwa, na alikuwa anaita ngamia wakasikia. Fungua mdomo." Akachungulia, kisha akaniambia wao wako na sauti moja inayotoka huko nyuma kabisa, chini ya k ya kawaida. Akaitoa. Ilisikika kama kizibo kikitoka. Nikajaribu, nikakohoa mpaka mteja wake akaniletea maji.

"Si hivyo, hiyo unaisukuma kama tofali. Sasa sema kitu kwa Kikuyu, chochote."

"Kitu gani?"

Akaonyesha jino lake. "Hii mnaitaje?"

"Igego," nikasema.

"Rudia."

"Igego."

"Wallahi, si hiyo hapo! Hiyo ya katikati inakwaruza. Irudishe nyuma kidogo tu, usiifinye."

Nikairudisha. Nikasikia kitu kikisugua kooni mwangu kwa ulaini, bila kimeo, bila jasho. G ya Kikuyu, ambayo niliisema tangu nianze kuota hayo meno yenyewe. Nilikaa kwenye gunia lake la mchele nikasema mormor, mormor, mormor, na yeye akinisahihisha kwa mkono, juu kidogo, nyuma kidogo, huku akipimia watu maziwa. Siku zilizofuata tuliendelea hivyo kila duka likipoa. Nyumbani sikuthubutu kuitoa. Nyumbani nilikuwa bado malkia.

Binti yangu alikuwa na shughuli yake Kajiado, kwenye ofisi za kaunti, mambo ya ploti yake ya Isinya. Alitaka aimalize kabla ya kurudi kwa sababu safari ilikuwa imekaribia. Tukaenda wote watatu. Aliingia ndani kupanga foleni, mimi na mtoto tukakaa kwenye kibanda cha chai, upande wa pili wa barabara. Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Mbuzi walipita wakisukumana, na mtoto akaniambia, kwa ile sauti nyepesi, kwamba wale ni askari wa malkia na wamechelewa kazini. Akala mandazi. Mimi chai ilinishinda.

Nikamwita jina letu. Lina r katikati, na r hiyo nikaitoa kooni.

Akaacha kutafuna. Akanitazama mdomo, kisha shingo. Akaweka kidole chake chenye mafuta hapa, chini ya kidevu changu, kama anayetafuta aliyejificha humo. Halafu akaniuliza jambo, polepole, kwa sauti ya kwao, ile niliyoisikia siku ya mwiba.

Aliniuliza kama mchezo umeisha.

"Umeisha," nikamwambia. "Sasa ni mormor anaongea." Zote mbili zilitoka vizuri, r ya kwanza na ya pili. Nikamuuliza neno kwa neno kama nilivyomuuliza uani: unataka kukaa hapa na mimi, mama akirudi Norwe?

Safari hii alifikiri. Alitazama mbuzi, akatazama ule mlango wa ofisi uliommeza mama yake.

"Nei," akasema.

Hapana hiyo haikuishia hapo, kwa maana alikuwa na mengi. Aliyesema ndiyo ni daktari, si yeye. Yeye anataka kitanda chake. Baba akitoka kwenye meli humbeba mabegani kutoka bandarini, na kama yeye hayuko atambeba nani? Sweta inawasha. Nyama ya mbuzi ina mifupa mingi. Anamwogopa jogoo, alikuwa anajifanya tu haogopi. Mimi naongea na watu kwa nguvu, lakini sasa anajua sikasiriki, ndiyo sauti yangu. Na mti wa uani anaupenda, isipokuwa miiba. Aliniambia yote hayo akinitazama usoni, na sidhani nilikosa hata robo yake. Muda wote tangu azaliwe nilikuwa nangoja aniambie kitu. Sasa alikuwa ananiambia, na kila neno lilikuwa linamrudisha kwao.

Binti yangu akatoka, karatasi mkononi, anacheka kwa sababu kazi imekubali. Akavuka barabara.

"Tumemaliza! Tukirudi tupitie kwa fundi tuchukue sweta?"

"Mrudishe kwao," nikamwambia kwa Kikuyu.

"Nini?"

"Mtoto. Amekataa. Nimemuuliza tena, na hii ya leo ndiyo ya kweli. Usimlaumu, na usinibembeleze. Rudi naye."

Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi, akakaa kwenye benchi. Mwenye kibanda akamletea chai ambayo hakuwa ameiagiza. Nilitaka kusema ni sawa, Mungu ana mipango, maneno yale tunayosemaga, lakini hayakutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka, mbele ya watu na mbuzi wa Kajiado nzima, na mimi si mtu wa kulia barabarani.

Mtoto akasogea akanichungulia kutoka chini, amekunja uso.

"Mormor," akasema kwa koo lake, "unalia kweli, ama unacheza?"

"Kweli," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniwekea mkononi kipande cha mandazi kilichobaki, akakaa karibu yangu, na tukawatazama mbuzi mpaka wakaisha.